Tangi la matumbawe linavuja baada ya miaka 11: nizibe au nijenge jipya?

SWALI: Assalaam aleikum mtaalamu. Naishi Nyali, Mombasa. Sebuleni, nyumba ya chini, nina tangi la maji ya bahari la sm 200 kwa 70, kimo sm 65, kioo cha milimita 12. Lina miaka 11. Tangu mwezi uliopita kona ya nyuma inachuruzika kidogo kidogo na kumeota mstari mweupe wa chumvi. Ndani nako hakupendezi: matumbawe magumu yamekufa kuanzia shinani na mwani umefunika mawe, ila samaki wazima, wakiwemo kangaja wawili na kitatange mmoja. Fundi wa vioo anasema atapaka silikoni mpya juu ya ile ya zamani, kazi ya siku moja. Mke wangu anataka tuliondoe kabisa. Mimi nataka jipya, tena kubwa zaidi. Nizibe au nibadilishe? Viumbe niviweke wapi? Na kwa kuwa bahari iko hapa hapa, naweza kuchota maji na mawe huko?

JIBU: Waaleikum salaam, ndugu yangu. Usizibe. Jenga jipya, na kabla hujamwita fundi yeyote, leo hii shusha maji ya tangi lako kwa theluthi.

Nianze na hilo la kushusha maji, maana ndilo la dharura. Ukijaza maji hadi sm 60, kioo cha mbele chenye urefu wa mita mbili kinasukumwa kwa nguvu sawa na uzito wa kilo 370 hivi. Ukishusha hadi sm 40, msukumo huo unabaki kama kilo 165. Umepunguza maji kwa theluthi tu, lakini mzigo umeshuka chini ya nusu, kwa sababu nguvu ya maji juu ya kioo hufuata kina kikizidishwa kwa kina. Hivyo ndivyo utakavyonunua muda wa kujenga kwa utulivu badala ya kujenga kwa hofu.

Kushusha maji kuna madhara yake, nawe ujipange. Maji yakiwa chini ya mdomo wa kutiririkia, hayatafika tena kwenye sampu, yaani tangi dogo la kusafishia maji lililo chini, kwa hiyo skima (chombo kinachotoa uchafu kwa mapovu) na pampu ya kurudisha maji hazitakuwa na kazi. Tia pampu mbili za mawimbi ndani ya tangi lenyewe, ongeza pampu ya hewa, na uwe na nyingine ya betri kwa ajili ya umeme unapokatika. Mawe yanayochomoza juu ya maji yashushe au yahamishie kwenye sampu, na sampu iache izunguke yenyewe. Punguza chakula kiwe nusu. Weka kitambaa kikavu chini ya ile kona na ukitazame asubuhi na jioni. Kikiendelea kulowa hata baada ya maji kushuka, huna tena wiki za kungoja, na nitaeleza cha kufanya hapo mbele.

Najua utasema tone moja kwa saa si jambo kubwa. Tangi la AquaDom la Berlin, lililokuwa na lita milioni moja za maji na samaki wapatao 1,500, lilipasuka alfajiri ya tarehe 16 Desemba 2022, likamwagika ndani ya hoteli mpaka barabarani. Lile lilikuwa la akriliki wala si kioo na silikoni, na ukubwa wake hauna mfano na wako. Ila jambo moja mnashirikiana: maji mengi yaliyo ndani ya nyumba hayaachii polepole yakishapata njia. Lako limekupa ishara. Itumie.

Sasa fundi wako. Kinachoshika vioo pamoja ni ule utando mwembamba wa silikoni uliobanwa katikati ya kioo na kioo, usiouona vizuri. Ule mstari wa pembeni unaouona kwa ndani kazi yake ni kuukinga tu huo utando. Akipaka juu, anapamba mstari wa kinga, na utando wenyewe unabaki vilevile ulivyochoka. Zaidi ya hayo, silikoni mbichi haishiki vizuri juu ya silikoni iliyokwisha kukauka. Utapata wiki chache za amani, kisha maji yatapenya nyuma ya mpako mpya usijue yanatokea wapi. Ukarabati wa kweli ni kutenganisha vioo vyote, kukwangua kwa wembe hadi kioo kiwe kitupu, kufuta kwa asetoni, na kugundisha upya. Hapo utakuwa umelipia ujenzi wa tangi zima, ila kwa vioo vyenye mikwaruzo ya miaka 11.

Lakini ndugu yangu, mvujo ni nusu tu ya tatizo lako. Hiyo nusu nyingine ndiyo inayonitia wasiwasi, kwa sababu unaweza kununua tangi jipya la fahari na kuuhamishia ndani yake ugonjwa uleule. Matumbawe yanayokufa kuanzia shinani, mwani usiokoma, tangi la zaidi ya miaka kumi: hizo ni dalili za mchanga na mawe yaliyoshiba. Kila chakula ulichotia miaka yote kimeacha fosfeti, na mawe ya chokaa huifyonza hadi yasiweze kupokea zaidi, kisha huanza kuirudisha majini. Unabadilisha maji Ijumaa, kufikia Jumanne fosfeti imerudi palepale. Mchanga nao umekusanya uchafu, na chini kabisa, pasipofika oksijeni, kunaweza kuwa na tabaka jeusi lenye harufu ya yai viza. Hiyo ni salfaidi ya hidrojeni, nayo huua samaki.

Kwa hiyo mchanga wa zamani usihamie. Hata ukiuosha. Watu wengi wanaopoteza samaki siku ya kuhamisha tangi hupoteza kwa sababu hii moja: wanachota mchanga mzee, wanautifua, amonia na sumu iliyolala chini inaamka, na ndani ya siku mbili samaki wanatweta juu ya maji. Chukua kikombe kimoja au viwili vya mchanga wa juu kabisa, ule mweupe wenye vidudu vinavyotembea, uwe mbegu ya mchanga mpya. Mwingine wote utupe.

Mawe yanahitaji hukumu ya moja moja. Chukua ndoo safi, tia maji mapya ya bahari ambayo umepima fosfeti yake ikawa karibu na sifuri, weka jiwe na pampu ndogo, funika lisipate mwanga, uliache wiki nzima. Kisha pima tena. Fosfeti ikibaki chini ya miligramu 0.1 kwa lita, jiwe hilo linafaa kuhama. Ikipanda hadi 0.5 au zaidi, liache, hata kama ndilo jiwe zuri kuliko yote. Fanya hivyo kwa mawe matatu au manne kutoka sehemu mbalimbali utapata picha ya tangi zima. Katika hali kama yako mimi ningetarajia kubakiza robo ya mawe, na mengine kununua makavu mapya.

Hapa kuna onyo ambalo naomba ulisome mara mbili. Usichemshe mawe hayo, wala usiyamwagie maji moto, wala usiyasugue yakiwa makavu. Kama una yale matumbawe laini ya vifungo ambayo wafugaji huyaita zoa, baadhi yake hubeba palitoksini, mojawapo ya sumu kali zaidi zinazojulikana katika viumbe hai. Mvuke wake umeshalaza familia nzima hospitalini katika nchi kadhaa, pamoja na mbwa wao, kwa sababu tu mtu alichemsha au alisugua mawe hayo nyumbani. Vaa glavu na miwani ya kukinga macho unapoyashika, na watoto wasiwe karibu.

Tuje kwenye tangi jipya. Unataka kubwa zaidi. Sawa, lakini kubwa kwa urefu na upana, si kwa kimo. Nakushauri sm 240 kwa 80, kimo sm 60, maji yaishie sm 55. Litachukua lita 1,050 hivi, wakati la sasa linachukua 840, na bado msukumo kwenye kioo cha mbele utakuwa karibu uleule wa kilo 370, kwa sababu kina kimepungua. Mwanga utafika chini kwa urahisi, na mkono wako utafika kwenye mchanga bila kupanda kiti. Wanaojenga matangi ya kimo cha sm 80 ili yapendeze machoni hawayasafishi ipasavyo, kwa kuwa hawafiki. Tumia kioo cha milimita 15, na mikanda ya kioo kuzunguka juu ndani. Silikoni iwe ile yenye harufu ya siki isiyotiwa dawa ya kuzuia ukungu. Zile za bafuni mara nyingi zimetiwa. Mashimo ya mabomba yatobolewe kabla ya kugundisha, na fundi ahakikishe kioo si cha aina iliyoimarishwa kwa moto kama ya madirisha ya pembeni ya gari, maana hicho ukikitoboa kinasambaratika chote.

Kwa uzito, hesabu maji tani moja na ushei, vioo zaidi ya kilo 200, mawe, mchanga na stendi: jumla inakaribia tani moja na nusu, yaani kama kilo 800 kwa kila mita ya mraba. Kwa kuwa mko nyumba ya chini na sakafu imelala juu ya ardhi, sina wasiwasi mkubwa. Ungekuwa ghorofani ningekuambia usiguse chochote kabla ya mhandisi kukagua, kwa sababu sakafu za nyumba za kuishi kwa kawaida hukadiriwa kubeba kilo 150 hadi 200 tu kwa mita ya mraba. Stendi iwe ya chuma cha skwea kilichopakwa rangi ya epoksi ndani na nje ya kila kiungo, maana hewa ya Mombasa yenye chumvi inakula chuma kitupu kwa msimu mmoja. Weka pima maji pande zote nne na mshazari. Tofauti ya milimita tano kutoka kona hadi kona inatosha kuchosha silikoni, na inawezekana kabisa kwamba ndiyo iliyochosha ya kwako. Kagua stendi ya sasa. Ukikuta imeinama upande wa ile kona, umepata chanzo.

Mabomba ya kushushia maji yawe mawili, la kazi na la dharura, na la dharura liweze kubeba maji yote peke yake likiziba lile la kwanza. Halafu fanya jaribio ambalo wengi huliruka: zima umeme ghafla. Katika tangi la ukubwa huu kila sentimita moja inayoshuka ni lita 19 zinazokimbilia sampu. Sampu isipokuwa na nafasi hiyo, kila Kenya Power ikikatika mtapiga deki sebule nzima. Jaza tangi maji ya mfereji, liache wiki nzima likiwa kwenye stendi yake, na wiki hiyo yote jaribu kuzima na kuwasha.

Na joto, ndugu yangu. Mwaka 1998 bahari ilipopata joto la El Niño, matumbawe mengi ya pwani ya Kenya yaligeuka meupe na kufa, na hayo yalikuwa na Bahari ya Hindi nzima ya kuyapoza. Tangi la sebuleni Januari na Februari linafika digrii 31 bila shida. Feni juu ya maji husaidia Nairobi, ambako hewa ni kavu. Kwetu Mombasa unyevu wa hewa ni mwingi, maji hayapungui kwa mvuke vya kutosha na feni inaishia kupunguza digrii moja au mbili. Tenga fedha za chila, yaani mashine ya kupoza maji, tangu sasa. Ukilazimika kuchagua kati ya taa za bei na chila, chukua chila. Lenga digrii 25 hadi 27.

Maji ya bahari: ndiyo. Mawe na matumbawe: hapana. Mbele ya Nyali na Bamburi ni Hifadhi ya Bahari ya Mombasa, iliyotangazwa mwaka 1986, na ndani ya hifadhi huruhusiwi kutoa kitu. Matumbawe magumu yote yamo katika Kiambatisho cha Pili cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, hivyo hata biashara yake ya kimataifa inahitaji kibali. Hata pasingekuwa na sheria, mwamba ule umeshaumia mara moja na bado unajijenga; jiwe hai unalolitoa ni makazi ya viumbe. Nunua mawe makavu yaliyotengenezwa, na matumbawe ya vipande vilivyokuzwa na wafugaji wenzako.

Maji yachukuliwe kwa mashua nje ya mwamba, sehemu iliyo nje ya mipaka ya hifadhi, na uwaulize KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, mapema ujue pa kwenda. Chagua siku za bamvua, maji yakiwa yanajaa, wakati bahari safi inapoingia kwa nguvu. Msimu mzuri ni kaskazi, kabla ya masika. Usichote kwenye mkono wa Tudor wala Kilindini, wala usichote popote baada ya mvua kubwa. Maji ya mitaro yote ya mji huishia humo. Utahitaji kama lita 800, yaani mapipa manne ya lita 200 yaliyowahi kubeba chakula, si kemikali. Yafunike, yakae gizani wiki mbili ili vidudu vidogo vife na kuzama, kisha chota ya juu kwa kuyachuja, na uyapulizie hewa siku mbili. Pima kwa rifraktomita, kifaa cha kupimia chumvi: unataka gramu 35 za chumvi kwa kila kilo, yaani 1.026. Alkaliniti ya bahari, yaani uwezo wa maji kuzuia asidi, huwa karibu 7 kwa kipimo cha dKH, kalsiamu kama miligramu 410 na magnesiamu karibu 1,290 kwa lita. Mimi hupenda kuipandisha alkaliniti polepole hadi 8. Ukiona kazi hii nzito, chumvi ya kununua kilo 30 itakutosha kwa kiasi hicho, lakini uchanganye na maji yaliyochujwa kwa RO, mtambo unaoondoa chumvi na madini. Maji ya visima vya upande wenu yenyewe yana chumvi na ugumu wa kutosha kuharibu vipimo vyote.

Maji ya zamani hayana thamani ambayo watu huyapa. Bakteria wanaosafisha amonia wanaishi juu ya mawe na mchanga, si majini. Ya zamani tumia kusuuzia mawe na kuhifadhia samaki, na theluthi moja uichanganye ili viumbe visishtuke.

Kama una ukuta mwingine sebuleni, weka jipya hapo na uyaendeshe yote mawili kwa wiki sita. Hii ndiyo njia ninayoitaka ufuate. Tia mawe makavu, yale machache yaliyofaulu mtihani wa ndoo, na kile kikombe cha mchanga. Weka amonia hadi miligramu 2 kwa lita, ili bakteria wanaoisafisha wapate chakula na waongezeke. Siku utakapoweka kiasi hicho na kesho yake ukute amonia na nitriti (sumu ambayo bakteria huigeuza amonia iwe kwanza) zote ni sifuri, tangi limeiva. Hamisha kwanza matumbawe laini, wiki inayofuata samaki wadogo, na kangaja wawili mwisho, wote wawili siku moja na usiku taa zikiwa zimezimwa, maana anayetangulia atajifanya mwenye nyumba na kumchana mwenzake kwa ule wembe wa mkiani.

Kama nafasi haipo, au kile kitambaa bado kinalowa, nunua tangi jeusi la plastiki la kuwekea maji ya nyumbani, jipya, la lita 500 au 1,000, likatwe juu liwe wazi. Litatosha kuwa makazi ya muda: mawe mazuri ndani, pampu, hewa, kipande cha wavu juu ili kangaja wasiruke. Siku ya kuhama, chota kwanza maji masafi ya juu kabla hujagusa chochote. Kisha toa matumbawe, kisha mawe, na samaki mwisho, wakati hawana tena pa kujificha. Anza asubuhi, na uwe na wenzako wawili.

Baada ya kuhama, pima amonia kila siku kwa siku kumi na uwe na dawa ya kuifunga kabatini. Lisha kidogo. Taa zianze nusu ya nguvu na zipande taratibu kwa mwezi mzima, kwa kuwa matumbawe yaliyozoea maji ya kijani na kioo kilichochakaa yataungua kwenye mwanga mpya. Usinunue tumbawe gumu hata moja kabla ya miezi mitatu, na hata hapo hakikisha fosfeti inatulia kati ya 0.03 na 0.1 na nitrati, ambayo nitriti huishia kuwa, haizidi miligramu 10 kwa lita.

Kuhusu shemeji, msikilize. Kama kinachomchosha ni maji sakafuni na chumvi ukutani, tangi jipya lililojengwa hivi litaondoa vyote viwili. Kama ni gharama ya umeme, mpigie hesabu ya chila na pampu kabla ya kununua kioo, na mkubaliane. Likishindikana, jenga dogo la lita 400 mubakize wale wadogo.

Na samaki watakaozidi msiwarudishe baharini, hata kama wazazi wao walitoka bahari ya Shimoni, pwani ya kusini. Tangini wamechangamana na vimelea na mwani wa kutoka bahari nyingine. Mwani wa Caulerpa taxifolia ulionekana mara ya kwanza Mediterania mwaka 1984, chini ya jumba la makumbusho ya bahari la Monaco, kiraka kidogo tu, na baadaye ukaenea kwenye maelfu ya hekta. Wape wafugaji wenzako au duka litakalowapokea, na mwani wote na mchanga ule wa zamani ukaushe juani siku kadhaa kabla ya kuutupa, mbali na ufuo.